Kijani cha Whona si msitu

Jumamosi iliyopita, tena. Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na safari hii walikuwa baba, mama na watoto watatu, mdogo ana miaka 12. Tulikuwa tumelala kambi ya Mandara, mpango wetu kwenda hadi Whona, mahali pa kupumzikia juu ya kambi hiyo, na kurudi. Tulipofika, yule baba akatazama bonde, akasema: "Mbona kumeota vizuri? Mlima umeshapona." Hata hajamaliza, mtoto wake wa kati ameshaacha njia, anapanda kisiki.

Kauli hiyo naisikia tangu 2021, na nimechoka kuijibu nikiwa nahema mlimani. Naijibu hapa.

Moto wa Oktoba 2020 ulianzia eneo hilohilo la Whona. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walitaja takriban kilomita za mraba 95 zilizoungua. Unachokiona leo kimejaa kijani ni nyasi na vichaka vifupi, navyo hurudi upesi, mvua za msimu mmoja au miwili zinatosha. Kilichoondoka ni erika. Erika iliyokomaa ni mti kamili, unaweza kusimama chini yake mvua ikinyesha, na matawi yake yana zile ndevu zinazoning'inia. Ukungu ukipita, majani na ndevu huukamata, maji yakadondoka chini tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Nyasi hazifanyi kazi hiyo kwa kiasi kile. Kwa hiyo mtu wa Moshi akiniambia mlima umepona kwa sababu kuna kijani, namuuliza maji ya mifongo ya kwao, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, yanatoka wapi. Na si moto mmoja tu: kwa miongo kadhaa, moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu wa erika kwa mamia ya mita. Kijani kilikuwepo kila mara.

Hatari kwa familia ni mbili. Ya kwanza ni ile miti ya kijivu iliyokufa ikiwa imesimama. Naigonga kwa fimbo, nasikiliza, na bado mara mbili mti niliousema ni imara umeanguka wenyewe wiki hiyohiyo. Tangu hapo sikai na wageni chini yake, upepo uwepo usiwepo. Ya pili ni ardhi. Udongo wa huko juu umejaa mabaki ya mimea, moto huingia ndani ukala mizizi, kisha nyasi zinafunika shimo. Mguu wa mtu mzima unazama hadi kwenye kifundo. Wa mtoto anayekimbia unavunjika. Ndiyo maana nasema mtoto abaki njiani, na sisemi kwa kubembeleza. Maji, koti la mvua, kofia, hayo mnayajua.

Kuna jambo linalonisumbua, nalo sijalimaliza. Watoto huniuliza kama msitu utarudi, na wazazi wananitazama wakitaka niseme ndiyo. Erika nyingi huchipua tena kutoka shinani, nimeziona kwa macho yangu. Lakini chipukizi likiungua kabla halijawa mti, na likiungua tena, shina linachoka. Oktoba 2022 moto uliwaka tena upande wa kambi ya Karanga. Basi nikisema "utarudi" bila kuongeza "tusipochoma tena", najiona nimemdanganya mtoto wa watu. Na nikiongeza, mama mmoja aliwahi kuniambia nawatisha watoto. Nitaendelea kuongeza.

Yule wa kati nilimshusha kisikini nikamwonyesha chini yake. Machipukizi ya erika, mabichi, kama fagio lililosimikwa. Akasogea ajipime nayo: yalimfika gotini. Moto ulipowaka alikuwa darasa la pili. Baba yake naye akaja, akachuchumaa, akayashika kwa vidole viwili, kisha akawaita wale wengine wapite nyuma yake, kwenye njia.