Mafiga hayang'olewi kwa semina: dhana potofu kuhusu majiko banifu

"Akina mama wa vijijini wanang'ang'ania mafiga kwa kukosa elimu."

Anayesema hivyo hajawahi kusonga ugali wa watu kumi. Ugali ukianza kukaza, mpishi hushika mwiko kwa mikono miwili na kuuegemea, na jiko jepesi la bati huteleza au kupinduka pamoja na sufuria. Mafiga hayatikisiki. Yanabeba sufuria ya ukubwa wowote, na gogo zima linaingia bila kupasuliwa. Unalisukuma ndani kadiri linavyoungua. Jiko banifu, yaani lililoundwa ili litumie kuni chache, mlango wake ni mdogo, kwa hiyo kuni lazima zipasuliwe na zikauke vizuri. Kazi hiyo anaibeba nani?

Jiko la upesi lilipokelewa magharibi mwa Kenya kwa sababu lilijibu sehemu ya shida hizo. Asili yake ni jiko la Maendeleo la miaka ya 1980: kikombe cha udongo uliochomwa, kinachojengewa kwa matope palepale jikoni, kikakaa imara. Vikundi vya akina mama wafinyanzi, kama kile cha Keyo karibu na Kisumu, walivifinyanga na kuviuza wenyewe.

"Likitolewa bure, kila mtu atalitumia."

Katika jimbo la Odisha, India, kaya ziligawiwa majiko ya udongo yenye dohani kwa bei ya kutupa, na watafiti wakazifuatilia hadi miaka 4. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta wapishi ulipungua. Baadaye majiko yakaharibika bila kukarabatiwa, matumizi yakashuka, na nafuu ile ikapotea. Kikombe kikipata ufa, mama anahitaji kujua mlango wa kubisha hapo hapo kijijini; mradi usio na fundi wa karibu umeshakufa, hata kama bango lake bado limesimama. Bei nayo si jambo dogo, lakini ina dawa. Nchini Uganda, wateja walioruhusiwa kulijaribu jiko kwanza na kulipa kwa awamu walinunua kwa wingi kuliko waliotakiwa kulipa papo hapo.

"Jiko banifu ni nishati safi."

Hili ndilo kosa kubwa, na wenye miradi wenyewe wanalieneza. Nchini Malawi, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2017, ulitumia majiko ya kuni yenye feni, ya kisasa kabisa kwa aina yake. Nimonia kwa watoto haikupungua. Moshi wa taka zinazochomwa, wa tumbaku na wa jikoni kwa jirani hausubiri ruhusa ya kuingia ndani, na familia nyingi huwa na moto wa pili kando ya jiko jipya.

Kinachohesabiwa kuwa safi ni gesi, umeme, bayogesi, ethanoli na nguvu ya jua. Mkakati wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi. Hadi mtungi wa gesi ujazwe bila kupanda bodaboda kwenda mjini, jiko la upesi lina kazi yake: linapunguza kuni na safari za kuzitafuta. Liuzwe kwa sifa hiyo.

"Kuni za kupikia ndizo zinazomaliza misitu."

Kwa sehemu kubwa kuni za kijijini ni matawi makavu, miti ya uani na mabaki ya shambani. Misitu humalizwa zaidi na ufyekaji wa mashamba mapya, na mkaa wa mijini una hesabu yake tofauti. Dhana hii ina bei sokoni: utafiti wa mwaka 2024 ulikuta miradi ya majiko iliyochunguzwa imejipa hati za kaboni, yaani vyeti vinavyouzwa vya hewa ukaa iliyopunguzwa, takriban mara 9 ya ilizostahili, kwa kukuza matumizi ya majiko na uharibifu wa misitu. Kikundi kinacholetewa mkataba wa aina hiyo kiulize, kabla ya kutia saini, nani anapima kuni, anazipima jikoni au kwenye karatasi, na shilingi ngapi zinabaki kijijini.