Kabla ya kununua saa, soma mgongo wake

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kutoka Hombolo aliniletea saa ya rangi ya dhahabu ambayo mkanda wake ulikuwa umechomoka upande mmoja. Nilipoitazama kwa lenzi niliona kwamba masikio ya bodi, pale pini ya mkanda inapokaa, yamebambuka rangi na kubaki shaba tupu, na tundu la pini limejaa unga wa kijani. "Fundi, aliyeniuzia aliniapia kuwa hii ni stenlesi," alisema, akaigeuza anionyeshe maandishi. Yalikuwepo kweli: STAINLESS STEEL BACK. Ikanibidi nimweleze, "Mwalimu, hapo wamekuambia habari za kifuniko cha nyuma tu. Bodi hawakuitaja."

Neno hilo la mwisho, lenye maana ya mgongo, ndilo linalowaponza wengi wanaofika mezani kwangu. Casio F-91W, saa ya plastiki iliyoingia sokoni mwaka 1989, nayo ina maandishi ya namna hiyo nyuma, na hakuna anayedhani kwamba bodi yake ni chuma. Kama saa ya bei nafuu haikuandikwa popote kwamba bodi nzima ni chuma kisichoshika kutu, mimi huichukulia kuwa ni shaba ya manjano au aloi ya zinki iliyochovywa rangi.

Wateja wengine huja na sumaku, nami huwaambia waiweke mfukoni, kwa sababu chuma cha daraja la 316L kinachotumika sana kwenye saa hakinaswi na sumaku, na shaba nayo hainaswi. Uzito pia haukati shauri: sentimita moja ya ujazo ya chuma hicho ina gramu 8 hivi, na ya shaba ya manjano ina gramu 8.5 hivi, tofauti ambayo kiganja hakiwezi kuihisi.

Hapa Dodoma tofauti ya bodi ya shaba na ya stenlesi hujitokeza mapema. Jasho hukauka mkononi na kuacha chumvi, vumbi lenye chembe za mchanga huingia kati ya mkanda na bodi, na kila mkono unapokunjwa chembe hizo husugua ule utando mwembamba wa rangi hadi utoboke. Baada ya hapo chumvi huifikia shaba. Bodi ya stenlesi husuguliwa vilevile, lakini chini ya mkwaruzo kuna chuma kilekile, na fundi anaweza kuing'arisha upya.

Titani ni nyepesi kuliko madini hayo yote, gramu 4.5 hivi kwa sentimita ya ujazo, na huwafaa wanaowashwa na nikeli iliyomo kwenye madini mengine. Citizen walitoa saa ya mkononi ya titani mwaka 1970. Rangi yake ya kijivu hunipendeza, ingawa isiyowekewa utando mgumu huchubuka upesi, na kwa bajeti ndogo sioni haja ya kuikimbilia. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, hununuliwa na wanaopenda kuiona ikibadilika rangi, na saa nyingi za aina hiyo huwekewa mgongo wa chuma au titani ili ngozi isigeuke kijani.

Saa ya mwalimu niliisafisha kwa mswaki laini nikaiwekea pini mpya, lakini tundu limekwisha kulika, na nilimwambia wazi kwamba pini hiyo itachomoka tena. Kwa fedha aliyokuwa nayo nilimshauri achukue ya plastiki.