Njia ya miguu isipoingia kwenye mchoro kuna siku itajengewa ukuta

Leo naongelea kitu ambacho kwenye vikao vyetu vya mipango miji kinapewa dakika za mwisho kabisa, soda zimeshafika mezani na watu wanaulizana usafiri wa kurudi: njia za watembea kwa miguu na vibao vya kuelekeza, kwenye miji midogo ya huku kwetu Tabora. Nikisema miji midogo simaanishi Tabora mjini, namaanisha Urambo, Sikonge, Kaliua, hii miji yenye stendi moja, soko moja, hospitali ya wilaya, lami inayopita katikati, na ukitoka kwenye lami ukapita nyumba chache tu uko kwenye mahindi ya watu.

Miji hii inatembea. Mwanafunzi anaenda shule kwa miguu, mama anaenda sokoni na beseni kichwani, mgonjwa anaenda kliniki anasimama simama njiani, na wenye baiskeli wamepakia madumu ya maji au gunia la mkaa wanapita humo humo wanapopita wa miguu. Ila ukifungua mchoro wa mji unaona barabara za magari tu, mita 10, mita 15, mita 20, zimenyooka vizuri, na ile njia ambayo nusu ya kata inaipita kila asubuhi haipo kabisa, pale ilipo pamechorwa kiwanja cha makazi.

Hapo ndo tatizo lenyewe lilipo na ndo maana naandika. Watu wengi wanadhani njia ya miguu inakufa kwa sababu ya ubovu, majani, mvua. Hapana. Njia ya miguu inakufa ofisini. Mchoro unachorwa, unapitishwa, mpima anakuja anafukia bikoni (alama za zege za mipaka ya viwanja), viwanja vinauzwa, mtu anapata hati yake halali, anakaa kimya miaka mitatu minne hana hela ya kujenga, na watu wanaendelea kupita katikati ya kiwanja chake kama kawaida, wanadhani ni njia. Siku akipata hela analeta tofali, na asubuhi watoto wanakuta msingi. Wanakimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti anamwita mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja anatoa karatasi. Mwenyekiti atasema nini? Kisheria hapo hapajawahi kuwa na njia. Watu wanaanza kuzunguka, na ukitaka kujua wanavyozunguka simama pale saa moja asubuhi uangalie: wakubwa wanafuata barabara kubwa kwenye vumbi la malori, watoto wanajipenyeza kati ya ukuta na choo cha jirani, mmoja mmoja, begi likikwaruza tofali.

(Kufunga njia huku kwetu hakujaanza na tofali kwa kweli. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, yuko vitani na Waarabu wa Tabora, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta mmisionari Livingstone, ikabidi azungukie kusini ndo afike ziwani. Ila Mirambo alikuwa na sababu zake za kisiasa na kibiashara, huyu wa kwetu anataka tu pa kuweka banda la kuku.)

Sasa dawa ni nini. Dawa ni kutembea kabla ya kuchora. Sio kutembea kwa gari la ofisi na kioo kimefunguliwa, kutembea kwa miguu, saa ambazo watu wenyewe wanatembea: asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka mbili, jioni wakitoka shambani, na siku ya gulio, maana siku ya gulio kuna njia zinafufuka ambazo siku nyingine huzioni kabisa. Simu yoyote yenye jipiesi inatosha kurekodi njia, unaiwasha mwanzoni unaizima mwishoni, jioni unaimwaga kwenye kompyuta juu ya picha ya setilaiti. Na kwenye picha ya setilaiti ya kiangazi njia zinaonekana zenyewe, mistari myeupe kwenye majani makavu, hata bila kufika. Ila picha haikuambii nani anapita na kwanini, hiyo inabidi uulize. Ukishika futi kamba tu huku unaitwa injinia, basi tumia hiyo heshima. "Injinia, mnataka kutuletea lami?" Hapana mama, nataka kujua ukienda kliniki unapita wapi. Wanacheka, wanaona swali la kijinga, alafu wanakuonyesha njia ambayo hata mwenyekiti haijui.

Ukishazijua, usizichukue zote. Nasema hivi nikijua kuna watakaonipinga. Ukitaka kuhifadhi kila kichochoro hautapima kiwanja hata kimoja na wananchi watakuchoka. Mimi nachagua zile zinazounganisha maeneo ya watu wengi, yaani shule, kisima, soko, zahanati, stendi, kanisani, msikitini, alafu nazipa upana kwenye mchoro na jina lake linaandikwa: njia ya miguu. Upana wangu ni mita 3. Mita 1.5 watu wawili wanapishana vizuri kama hawana mzigo, ila huku kila mtu ana mzigo, na baiskeli yenye madumu pembeni inakula karibu mita nzima peke yake. Kwahiyo mita 2 za kukanyaga, na nusu mita kila upande ya majani, maji, na jirani ambaye lazima atasogeza uzio wake kidogo, tunamjua. Mahali ambapo watu wameshajenga bila mpangilio inakuwa ngumu zaidi ila haishindikani, kwenye urasimishaji wa makazi (kupima na kumilikisha nyumba zilizokwisha jengwa) majirani wenyewe wanakaa na kila mmoja anatoa kipande. Hapo anza na yule anayeheshimika, akikubali yeye kutoa mita moja wengine wanaona aibu kukataa.

Kuna kitu kingine kinachoua njia na hiki hakiko kwenye hati, kiko kwenye lami. Barabara ikiwekwa lami inakuja na mitaro ya mawe pembeni, mirefu, na ni lazima iwepo maana bila mtaro mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili zitakula hiyo lami. Sawa. Lakini mtaro unakata kila njia ya miguu iliyokuwa inaingia barabarani. Mwenye duka anajijengea kivuko chake cha zege mbele ya duka, wa gesti anajenga chake, na pale njia ya shule inapotokea hakuna mwenyewe, basi hakuna kivuko. Utakuta gogo la mkaratusi limelazwa. Nimesimama pale nikamwangalia mama mwenye ndoo ya dagaa, akafika kwenye gogo, akatua ndoo, akamwita mtoto akamshika mkono akamvusha, akarudi, akajitwika tena ndoo mwenyewe kwa goti, akavuka taratibu miguu upande. Kifuniko cha zege cha mita 2 kingemaliza hayo yote, na kwenye bajeti ya kilomita moja ya lami hicho kifuniko hata hukioni. Inatakiwa tu mtu aje na orodha mapema, njia namba fulani inatokea hapa, kabla mkandarasi hajaondoka na mitambo yake. Akishaondoka utaandika barua mpaka uchoke.

Na pale pale njia inapotokea ndo pawe na kivuko cha pundamilia, sio mita 100 mbele eti kwa sababu pamenyooka. Mtu wa miguu hatembei mita 100 kwenda na 100 kurudi ili avuke barabara ya mita 7. Sheria inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kwa mwendo huo mpaka gari isimame inakula kama mita 28 barabara ikiwa kavu na dereva akiwa macho, kwa 30 ni kama mita 13 hivi. Kwahiyo kivuko bila tuta ni rangi tu.

Haya, vibao. Watu wanavichukulia kama mambo ya utalii, mshale wa kuonyesha mzungu tembe la Livingstone liko wapi kule Kwihara jirani na Tabora mjini, na hicho kweli kinahitajika, ila kwenye mji mdogo kibao kina kazi mbili. Ya kwanza ni kumuelekeza mgeni, aliyetoka kijijini na mgonjwa, ameshuka stendi saa tisa alasiri, hajui hospitali iko wapi na bodaboda anamwambia ni mbali sana twende elfu tatu, kumbe ni dakika 10 kwa mguu. Ya pili wengi hawaifikirii, kibao ni shahidi. Njia yenye kibao cha halmashauri mwanzoni na mwishoni sio rahisi mtu kuijengea choo. Atasita. Ataenda kuuliza kwanza. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 lilitusaidia sana upande huo, kuna vichochoro vilipata jina na nguzo kwa mara ya kwanza tangu viumbwe.

Kibao kikae wapi? Pale mtu anaposimama na kugeuza shingo. Ukitaka kupajua mfuate mgeni, sio kitu kigumu. Mara nyingi ni kwenye njia panda yenyewe, na ukishapita njia panda hatua kama 50 kunatakiwa kingine kidogo cha kumtuliza kwamba hajapotea, hiki ndo kinasahaulika siku zote. Andika dakika, usiandike mita. Mtu mzima mwenye mzigo mwepesi anatembea kama mita 80 kwa dakika, gawanya kwa hiyo alafu ongeza kidogo kwa ajili ya wagonjwa na wazee. Na jina liwe lile watu wanalolitumia. Kama sehemu inaitwa Mashine, hata kama mashine ya kusaga ilishahamishwa zamani, andika Mashine kwa herufi kubwa, jina la kikaratasi weka chini dogo. Mgeni akiuliza jina rasmi hakuna atakayemjibu. Na kwa hospitali weka alama ya msalaba, sio kila anayeumwa anasoma.

Herufi: kwa uzoefu wa kawaida wa kazi hii, milimita 25 za urefu zinasomeka vizuri kutoka mita 10 hivi, kwahiyo kibao cha njia ya miguu milimita 50 zinatosha kabisa, cha kwenye lami inabidi iwe mara mbili au zaidi. Kimo vitabu vinasema ukingo wa chini uwe mita 2.1, mimi naweka 2.4, walioandika vitabu hawakuwa na mtu amebeba mzigo wa kuni kichwani. Rangi nyekundu kwa maandishi epukeni, kwa jua letu ndo inapauka ya kwanza, nyeupe juu ya bluu iliyokolea inadumu. Na kama kibao kinaingia kwenye hifadhi ya barabara kuu, ambayo kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ombeni kibali kwanza TANROADS, wakala wa barabara kuu, barabara za ndani ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kisije kikang'olewa.

Nguzo ndo imenisumbua akili kuliko vyote. Ya bomba la chuma inaondoka usiku kwenda kwa wa vyuma chakavu, na bati lake nalo linafuata. Ya mti mchwa wanaianzia chini kimya kimya, unaiona imesimama kumbe ni gamba. Mninga unavumilia ila kwa bei ya mninga sasa hivi ni afadhali umwibie mtu kabisa. Nilipofikia mimi ni nguzo ya zege yenye nondo, sentimita 60 ziingie chini, sehemu ya kichwa inamwagwa bapa na maandishi yanapakwa moja kwa moja kwenye zege. Haina cha kuuzwa. Ni mbaya kwa sura, nakubali, wenzangu wa usanifu wamenicheka, lakini ipo.

Na sasa hivi kuna haraka nyingine. Reli ya zamani, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mtu unaivuka popote unapotaka, ndo tulivyokua. SGR, reli mpya ya kisasa, ya kwenda Kigoma sio hivyo, ina uzio, haivukwi kwa kukanyaga reli, unapita chini yake au juu kwenye daraja. Miji iliyo jirani na reli kama haina orodha ya njia zake za miguu, vivuko vitawekwa panapomfaa mjenzi. Kwahiyo kama uko halmashauri na unasoma hii, ile orodha andaa sasa na uipeleke kwa maandishi, nakala ubaki nayo.

Najua mtaniuliza hela. Kama bajeti yako ni ya nguzo tatu tu, moja weka stendi ielekeze hospitali, ya pili pale njia ya shule inapokutana na lami, na ya tatu weka kwenye ile njia ambayo jirani ameshaanza kushusha tofali. Hiyo ya tatu ndo ianze.