Kutia rangi filamu za zamani: maana yake, na vichekesho vilivyopitia mkono huo

Kutia rangi filamu ni kuichukua filamu iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe na kuiongezea rangi miaka mingi baadaye, kwa kompyuta. Aliyeipiga hakuwa na rangi kwenye mkanda wake. Rangi unazoziona zimechaguliwa na mtu mwingine, ofisini, wakati mwongozaji na waigizaji wengi wameshazikwa. Ukikutana mtandaoni na Laurel na Hardy, wachekeshaji wawili wa zamani wa Hollywood, yule mwembamba na yule bonge, wamevaa suti za kahawia na mashavu yao yote yana wekundu wa aina moja, umeshaiona kazi yenyewe.

Isichanganywe na filamu iliyopigwa kwa rangi tangu mwanzo, wala na desturi za kale za kupaka. Georges Méliès wa Ufaransa aliuza nakala za filamu yake ya 1902 ya safari ya mwezini zikiwa zimepakwa kwa mkono; wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier mjini Paris ndio walioshika brashi, fremu moja moja. Filamu nyingi za kimya zilichovywa kwenye dawa ya rangi: tukio la usiku likawa la buluu, la ndani ya nyumba likawa la manjano. Hapo tukio zima lina rangi moja na hakuna anayedanganyika.

Rangi halisi nayo ilikuwepo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za kimya, aliifungua Seven Chances ya 1925 kwa dakika chache za Technicolor, ufundi wa kupiga filamu kwa rangi, wakati huo ikiwa ya rangi mbili tu. Laurel na Hardy wapo katika rangi zao wenyewe kwenye filamu fupi ya serikali ya Marekani ya 1943, The Tree in a Test Tube, wakitoa vitu vya mbao mifukoni na kwenye sanduku. Ipo hadi leo. Anayetaka kujua uso wa Hardy ulikuwa wa rangi gani aanzie hapo, si kwenye nakala zilizotiwa rangi.

Sasa kwa nini mtu ajisumbue kupaka filamu ambayo watu walishaicheka ilivyo? Chanzo chake ni televisheni.

Marekani ilianza kugombania televisheni ya rangi mara tu baada ya vita. Kampuni ya CBS ilikuwa na mtambo uliotumia gurudumu la vioo vya rangi lililozunguka mbele ya picha. Serikali iliukubali mwaka 1950, na tarehe 25 Juni 1951 matangazo yakaanza. Tatizo lilikuwa moja tu, lakini kubwa: mamilioni ya runinga zilizokuwa tayari majumbani hazikuweza kuyasoma mawimbi hayo. Mwenye runinga ya nyeusi na nyeupe hakupata hata kijivu. Miezi michache tu, mpango ukasimama.

Washindi walikuwa RCA, kampuni iliyotengeneza runinga, na wahandisi wenzao kwenye kamati iliyoitwa NTSC. Walichofanya ni kuigawa picha sehemu mbili. Ya kwanza ni mwanga: wapi peupe, wapi peusi, wapi kijivu cha kiasi gani. Ya pili ni rangi, ikabanwa kwenye nafasi ndogo ndani ya mawimbi yaleyale. Runinga ya zamani ilisoma mwanga peke yake na ikaonyesha picha yake ya kawaida, kama vile hakuna kilichotokea. Runinga mpya ilisoma vyote viwili. Mfumo huo ulipitishwa tarehe 17 Desemba 1953. Baadaye Walter Bruch wa Telefunken, Ujerumani, akaurekebisha na kuuita PAL, ndio uliotufikia sisi. Wazo la msingi halikubadilika: kila TV ya chogo ya rangi uliyowahi kuitazama ilikuwa ikipokea picha kamili ya nyeusi na nyeupe, kisha rangi ikawekwa juu yake. Ndiyo maana antena ikiyumba rangi ilikuwa ya kwanza kukimbia, watu wakabaki kijivu na mechi ikaendelea.

Likumbuke hilo la rangi kukaa juu ya mwanga, kwa sababu kutia rangi filamu kunategemea ujanja uleule.

Zanzibar, kwa taarifa yako, haikupitia ngazi hizi. Ilipoanzisha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Aboud Jumbe, ilianza na rangi moja kwa moja, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi 1994. Kwa hiyo Mzanzibari wa rika fulani hakuwahi kuiona ile hatua ambayo Wamarekani waliivuka kwa shida, ya kuwa na runinga ya rangi na kituo kinachorusha vipindi vya kijivu.

Kwa Wamarekani hatua hiyo ilikuwa ndefu. Runinga ya kwanza ya rangi ya RCA, CT-100, iliuzwa mwaka 1954 kwa dola 1,000, na kioo chake kilikuwa cha inchi 15. Fedha hizo ziliwashinda wengi, na kwa miaka kumi rangi ikabaki jambo la wachache. Katika miaka hiyohiyo vichekesho vya zamani vilikuwa vinapata uhai upya. Vituo vilihitaji kitu cha kujaza saa, na filamu fupi za Hal Roach, mtayarishaji wa Laurel na Hardy, zilikuwa zimelala kabatini. Laurel na Hardy wakapata kizazi kipya cha watoto ambao hawakuwa wamezaliwa filamu hizo zilipopigwa. Stan Laurel hakulipwa kitu kwa marudio hayo. Haki hazikuwa zake. The Three Stooges, wachekeshaji watatu ambao studio ilishawafungia mlango, waliuzwa kwa vituo vya televisheni mwaka 1958 na ghafla wakawa maarufu kuliko walivyokuwa katika ujana wao.

Kisha 1965 na 1966 zikageuza meza. Mitandao yote mitatu mikubwa ya televisheni ilihamishia vipindi vya jioni kwenye rangi, na ilipofika msimu ulioanza mwishoni mwa 1966 hapakuwa na kipya cha jioni kilichopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Aliyetoa fedha zake kununua runinga ya rangi hakutaka kulipwa kijivu. Filamu ya 1932 ambayo jana ilikuwa burudani ya saa kumi jioni ikasukumwa hadi usiku wa manane, au ikaondolewa kabisa, wakati hakuna hata kichekesho kimoja ndani yake kilichokuwa kimepungua.

Lucille Ball, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani, aliliona hili mapema. Kipindi chake I Love Lucy, kuanzia 1951 hadi 1957, ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, na nywele zake nyekundu zilizozungumzwa nchi nzima zilionekana kijivu kwa kila mtazamaji. Kipindi kilichofuata, The Lucy Show, kilianza mwaka 1962 kwa nyeusi na nyeupe pia. Msimu wa pili, 1963, ukapigwa kwa filamu ya rangi, ingawa CBS iliendelea kuurusha bila rangi hadi 1965. Yaani kwa misimu miwili walilipia rangi ambayo hakuna aliyeiona. Lakini marudio yalipoanza kuuzwa, misimu hiyo ilikuwa na bei. Huyo alijua biashara.

Wenye maghala ya filamu za zamani hawakuwa na bahati hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wilson Markle wa Kanada akawaletea dawa. Filamu ilihamishiwa kwanza kwenye mkanda wa video. Kwa kila tukio, mchoraji alichukua fremu moja na kuamua: koti hili kijani, ukuta huu krimu, uso huu waridi. Kompyuta ikafuata mipaka ya vitu hivyo fremu baada ya fremu hadi kamera ilipohama. Mwanga wa asili uliachwa kama ulivyo. Rangi iliwekwa juu yake, sawasawa na runinga inavyofanya. Mkanda halisi haukuguswa. Topper, kichekesho cha mizimu cha 1937, ilitoka hivyo mwaka 1985, na Way Out West ya Laurel na Hardy ikawa miongoni mwa za mwanzo.

Matokeo ya kwanza hayakuwa mazuri. Rangi inayowekwa juu ya kijivu inabaki na kijivu chake, kama chokaa ya rangi juu ya ukuta wenye masizi. Penye kivuli rangi ikawa tope. Penye mwanga mkali ikapotea. Nyuso zote zikawa za waridi-chungwa, mtoto na babu vilevile, na mtu akifungua mdomo, ndani mlikuwa kijivu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kupaka meno na ulimi.

Ufundi huo umeboreka. Swali linalonihusu mimi si ufundi, ni kicheko. Filamu hizi hazikupigwa kwa nyeusi na nyeupe kwa kukosa tu. Zilipangwa kwa ajili ya nyeusi na nyeupe. Mkanda wa miaka ya 1910 haukuhisi wekundu: midomo myekundu ilitoka nyeusi, anga la buluu likatoka jeupe. Waigizaji walijipaka nyuso nyeupe ili zionekane. Mwangalie Charlie Chaplin kwa mbali: uso mweupe, sharubu nyeusi kama doa la wino, kofia nyeusi, koti linalombana, suruali pana. Kila kitu kimekatwa wazi ili mtu wa kiti cha nyuma kabisa asome nyusi zake. Mrudishie ngozi ya rangi ya binadamu na ukuta wa manjano nyuma yake, na zile sharubu zinakuwa sharubu za kawaida.

Kuna na jambo la jicho kwenda wapi. Katika The Music Box ya 1932, Laurel na Hardy wanapandisha piano iliyofungwa kwenye kreti juu ya ngazi ndefu za saruji mjini Los Angeles. Kamera inakaa mbali kwa muda mrefu. Ngazi ni kijivu, mlima ni kijivu, na kitu pekee kinachoita jicho ni lile sanduku na wale wawili wenye kofia za duara. Kwa hiyo kreti inapoanza kuteleza, unaiona kabla yao, na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa, kwenye zile sekunde mbili ambazo wewe unajua na wao hawajui. Katika nakala iliyotiwa rangi kuna nyasi za kijani pembeni, na jicho linakwenda kuzitazama. Sekunde mbili zimeliwa.

Wapo walioikataa rangi hata walipokuwa nayo mkononi. Mwongozaji Billy Wilder alipoandaa kichekesho chake Some Like It Hot cha 1959, Marilyn Monroe alitaka rangi, na mkataba wake ulimruhusu kudai. Walipopiga majaribio, vipodozi vizito vya Tony Curtis na Jack Lemmon, wanaume wawili waliovalia kike, vilitoka na ukijani wa kutisha. Wilder akamshawishi Monroe, filamu ikapigwa kwa nyeusi na nyeupe, na watazamaji wakakubali kuwa wale ni wanawake kiasi cha kuweza kucheka. Chaplin mwenyewe aliongoza filamu moja tu ya rangi, A Countess from Hong Kong ya 1967, ya mwisho maishani mwake.

Ugomvi ukawa mkubwa pale Ted Turner, tajiri wa televisheni, aliponunua hazina ya filamu za studio ya MGM mwaka 1986 na kuanza kuzipaka. Waongozaji walilalamika, na mmoja wao, Woody Allen, alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Seneti. Watetezi wakajibu: asiyependa rangi aizime kwenye runinga yake. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini lilificha suala la fedha. Mwaka 1987 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikubali kwamba nakala iliyotiwa rangi inaweza kusajiliwa kama kazi mpya. Filamu ambayo hakimiliki yake ilikwisha, ambayo kila kituo kinairusha bure, ikipakwa inapata mmiliki tena, angalau nakala hiyo. It's a Wonderful Life ilikuwa imepoteza ulinzi wake mwaka 1974 na ikawa ya kila mtu. Ilipakwa, na James Stewart, mwigizaji wake mkuu, akapinga hadharani.

Bunge la Marekani halikukataza. Sheria ya 1988 iliunda orodha ya filamu 25 kwa mwaka za kuhifadhiwa, na kuamuru kwamba yoyote kati yake ikibadilishwa sana, mtazamaji aambiwe. Orodha ya kwanza, 1989, ilikuwa na The General ya Keaton, Modern Times ya Chaplin na Some Like It Hot. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: warithi wa mwongozaji John Huston walishtaki kuzuia nakala ya rangi ya The Asphalt Jungle isirushwe, na mwaka 1991 mahakama ya juu ikawapa haki, ikisema heshima ya mtunzi kwa kazi yake haiuzwi pamoja na filamu.

Suluhisho lililoniridhisha zaidi lilikuja kwenye DVD za The Three Stooges za 2004, ambapo mtazamaji aliweza kubadilisha kati ya rangi na nyeusi na nyeupe katikati ya filamu, kwa kitufe cha rimoti.

Siku hizi kazi inafanywa na programu za akili mnemba, bure, na mtu yeyote mwenye simu. Ukitaka kujua kama klipu ya kichekesho cha zamani imetiwa rangi, angalia mikono inapopita mbele ya nguo, maana rangi ya ngozi huchelewa au humwagikia kwenye shati. Angalia kioo na maji, ambavyo programu haijui vina rangi gani. Angalia kama koti linabadilika kutoka buluu kwenda kahawia kamera inapohama. Kuzima rangi kwenye simu kutakurudishia sehemu tu ya picha ya asili, kwani wengi wanaopaka hubadilisha pia mwanga na kuongeza fremu za kati ili mwendo uwe laini, na Keaton akianguka kwa ulaini huo anaonekana kama anaelea. Nakala nzuri za nyeusi na nyeupe, zilizosafishwa kutoka kwenye mikanda ya asili, zipo, na mara nyingi zimepangwa ukurasa uleule wa matokeo ya utafutaji, chini kidogo ya ile yenye rangi.