Nina AS, nataka kuwa komandoo: je, nitafaa?

Maswali haya ni ya kijana wa miaka 20 aliyemaliza mafunzo ya JKT. Dada yake ana sikoseli. Familia nzima ilipopimwa, yeye akaambiwa ana AS.

Shikamoo daktari. Mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?

Marahaba. Si mgonjwa. Sikoseli, au selimundu, ni ya mwenye SS, aliyerithi kinasaba cha S kwa baba na kwa mama pia. Wewe umerithi kimoja tu. Himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni. Ya aina ya S kwenye damu yako haifiki nusu, na ile ya kawaida, A, ndiyo inayokubeba. Wengi wenye AS huzeeka bila kujua kama wanayo. Tena ina faida yake: mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa AS humkinga mtoto dhidi ya malaria. Ndiyo sababu iko kwa wingi kwenye maeneo yetu yenye mbu.

Kwa dada yako jibu lingekuwa jingine. Jeshi la Marekani, kwa mfano, halimpokei mwenye SS, na hapo sioni uonevu. Kwake kiu na baridi ya usiku mmoja tu vinaweza kumfikisha wodini.

Kama si ugonjwa, mbona wanasema AS na jeshi haviendani?

Maneno hayo yana historia. Kati ya 1968 na 1969, kwenye kambi ya Fort Bliss huko Texas, askari wapya wanne wenye AS walikufa kutokana na mazoezi. Kambi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo lawama zikaenda kwenye mwinuko, maana hewa ya juu ina oksijeni kidogo. Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, kilichoko Colorado, juu zaidi ya hapo, kikawa hakipokei vijana wenye AS, na mlango huo ulifunguliwa mwaka 1981 tu, baada ya suala hilo kufikishwa mahakamani. Mwaka 1987 ukatoka utafiti uliotisha zaidi: miongoni mwa makuruta weusi, mwenye AS alikuwa na uwezekano wa mara 28 zaidi wa kufa ghafla mazoezini kuliko mwenzake asiye nayo.

Mwaka 2016 wakaangaliwa tena askari weusi wapatao 48,000 wa jeshi hilohilo. Safari hii wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao. Damu haikubadilika, kilichobadilika ni namna ya kufundisha. Siku hizo jeshi lilikuwa na kanuni za maji, mapumziko na joto kwa askari wote. Ila jambo moja lilibaki: hatari ya misuli kuvunjika kwa sababu ya mazoezi makali ilikuwa juu kwa asilimia 54 kwa wenye AS.

Misuli inavunjikaje?

Chukua siku ya majaribio: begi zito mgongoni, jua la saa saba, mkufunzi anataka kila mtu akimbie hadi mwisho. Msuli unamaliza oksijeni, unajaa asidi, unapata joto. Katika hali hiyo chembe nyekundu za damu zenye himoglobini S hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Msuli unaokosa damu hufa, na uchafu wake huingia kwenye damu: potasiamu inayoweza kusimamisha moyo, na protini inayoziba figo.

Figo zenyewe zina kasoro yake. Kwa watu wengi wenye AS, figo hazibani maji vizuri, hivyo hupoteza maji hata mwili ukiwa na kiu. Usemi wa kambini kwamba mkojo mweupe maana yake umekunywa vya kutosha unaweza kukudanganya wewe.

Nitajuaje kama ni hiyo na si kubanwa misuli tu?

Aliyebanwa misuli hupiga kelele, na ukimshika paja unalikuta gumu kama jiwe. Wa AS miguu inamlegea, anakaa chini taratibu, anaongea vizuri, na msuli ukiushika ni laini. Hapo ndipo mkufunzi anapodhani ni uvivu na kumwinua kwa fimbo. Ni kosa linaloua. Akae kivulini, apozwe, apewe oksijeni, akimbizwe hospitali. Mkojo wa rangi ya kola saa chache baadaye nao ni dharura.

Kaka zangu mtaani wanasema nisiwaambie madaktari wa jeshi.

Nawaelewa, ajira ni ngumu. Lakini ukianguka porini, daktari asiyejua atakutibu kama mtu aliyechoka, na saa moja ya kukosea ni ndefu mno. Sema, na uulize kanuni za jeshi unaloomba, maana hazifanani. Wa anga na wapiga mbizi huwa na masharti yao. Ukipangiwa milima inayozidi mita 2,500, ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ripoti: huenda ni bandama iliyokosa damu.

Basi nijiandaeje?

Anza miezi kadhaa kabla, si wiki mbili. Ongeza kasi na uzito kidogo kidogo. Hatari hupanda kwa anayejitupa ghafla kwenye mbio za kasi zisizo na pumziko. Kunywa maji kabla ya kiu. Ukiwa na homa au malaria, usikimbie, hata kama wenzako watakucheka. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache dukani.

Kabla ya yote, hakikisha hiyo AS yenyewe. Kuna kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kwamba S ipo, bila kutofautisha AS na SS. Kama hicho ndicho ulichopimwa, omba cha elektroforesisi kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa, kinachotaja kiasi cha kila aina ya himoglobini. Karatasi ya majibu itoe nakala mbili, moja ya faili la jeshi na moja ya kwako.