TSH kawaida, mtoto hakai: homoni ya tezi inafanya kazi wapi hasa?

Mwaka jana mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeshachanganya, alikuja mama mmoja kutoka upande wa Newala na mtoto wa kiume wa miaka mitatu mgongoni. Nikamwambia karibu mama, pole na safari, akamfungua kwenye kanga akamlaza kitandani, na pale pale nikaona shingo haishiki, nikimnyanyua mikono kichwa kinabaki nyuma, mwili laini ila miguu imekaza. Faili analo tayari. Limeandikwa mtindio wa ubongo, na nyuma kuna cheti cha maabara: TSH, kile kipimo cha tezi ya shingo, kawaida. Mama akaniuliza, "Dokta, wamesema tezi iko sawa, sasa kama iko sawa mbona mwanangu hakai?"

Mimi ni daktari wa watoto hapa Mtwara, na mambo ya homoni ndo nayafuatilia kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo swali lile nililirudia kichwani njia nzima naenda nyumbani. Wapo watafiti Ujerumani wanafanya kazi juu ya swali hilo hilo. Mtandao wao unaitwa LOCOTACT, ulianza 2020 kwa hela za DFG, ambalo ndo shirika kubwa la kufadhili utafiti kule, unaunganisha Essen, Lübeck na Berlin, na kiongozi wake ni Profesa Dagmar Führer wa Essen. Kabla yake kulikuwa na mradi mwingine wa DFG tangu 2012, Thyroid Trans Act, na wengi walitokea huko. Wanachotafuta ni kwamba homoni ya tezi inafanya nini ndani ya kila kiungo, ubongo kivyake, moyo kivyake, ini kivyake, maana ya kwenye damu tunayapima miaka yote.

Kwa mtu wa kusini nalieleza kwa korosho. Tezi ya shingo inatoa zaidi T4, na T4 ni korosho ghafi, ina ganda lake, ipo nyingi, inasafiri mbali, ila huwezi kuila hivyo. Inayofanya kazi ni T3, hiyo ndo korosho iliyobanguliwa. T4 ina atomu nne za iodini, ikitolewa moja inabaki T3, na karibu asilimia 80 ya T3 ya mwilini inabanguliwa nje ya tezi, kwenye viungo vyenyewe. Wabanguaji ni vimeng'enya vitatu vinaitwa dayodinesi. Ukishawahi kukaa na akina mama wanaobangua kwa mkono, majivu vidoleni mafuta ya ganda yasiwaunguze, unajua pigo likikaa vibaya korosho imevunjika, na kimeng'enya cha tatu kazi yake ni hiyo ya kuvunja, ila kwa faida, kwa mfano kwenye kondo la nyuma kinazuia homoni isimzidie mtoto tumboni. Sasa TSH yenyewe sio korosho kabisa, ni oda inayotoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kwenda shambani. Ukisoma oda huwezi kujua jikoni kwa kila mtu wamekula nini.

Halafu kuna mlango. Zamani tulifundishwa homoni hizi zinapenya zenyewe tu kwenye seli. 2003 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, wakaonyesha kuna protini inaitwa MCT8 inayoziingiza, na 2004 ikajulikana kwamba jeni lake, yani maelekezo ya kurithi ya kuitengeneza, likiharibika, na jeni hilo liko kwenye kromosomu X ndo maana wanaougua ni wavulana karibu wote, mtoto anakuwa mlegevu, hakai, haongei, anakonda, ugonjwa ambao ulishaandikwa tangu 1944 bila mtu kujua una uhusiano na tezi. Damu yake T3 iko juu, T4 iko chini, na TSH kawaida au imepanda kidogo tu. Yani ubongo una njaa na barabarani magunia yamejaa.

Shida ikawa kwa panya. Wakitolewa MCT8 damu inakuwa kama ya wale watoto lakini panya anakimbia vizuri tu, na watu walikwama hapo miaka. Heike Heuer, ambaye ni mmoja wa watafiti wa LOCOTACT, yeye na wenzake wakaangalia mlango wa pili wa ubongo wa panya, OATP1C1, wakaifunga yote miwili, na 2014 wakatoa matokeo: panya anatembea vibaya, ubongo unachelewa kukua, ugonjwa ule ule. Mimi naiona hii ndo kazi kubwa kuliko zote walizofanya, maana bila panya wa namna ile dawa ya kufika ubongoni utaijaribia wapi? Dawa ya Triac, inayoingia bila kupitia MCT8, ilijaribiwa na timu ya Rotterdam kwa wagonjwa 46 matokeo yakatoka 2019, na Ulaya imeruhusiwa 2025. Inashusha T3 ya damu na inasaidia uzito na moyo. Ubongo bado.

Tusisahau huku kwetu tatizo la kwanza bado ni chumvi. Ile ya mashambani Kilwa na Lindi inayopimwa kwa kisado mara nyingi haina madini joto, na bila iodini hakuna hata hiyo korosho ghafi. Na wewe unayetumia vidonge vya tezi, usisome haya ukaenda duka la dawa kujiongezea dozi kwa sababu umechoka, moyo utakimbia, njoo tuongee kwanza.

Yule mtoto nilimwandikia T3 na T4, sampuli ikaenda Dar, tukasubiri wiki tatu. Zote mbili kawaida. Nikamweleza mama kwamba sio MCT8, akauliza "kwa hiyo mlango wake uko wazi?", nikamwambia ndio mama, uko wazi, ubongo wake uliumia kwa njia nyingine. Anakuja mazoezi ya viungo kila Jumanne ya pili, na mwezi uliopita akilazwa kifudifudi alinyanyua kichwa tukahesabu mpaka kumi na mbili.