Ndege Ikifutwa: "Hali ya Hewa" Haifuti Kila Deni

Malalamiko ya abiria waliofutiwa safari hufanana sana mahali pamoja: "Kaunta waliniambia ni hali ya hewa, kwa hiyo hakuna ninachodai." Mara nyingi hali ya hewa ilikuwa mbaya kweli. Tatizo liko kwenye hiyo "kwa hiyo".

Safari ikifutwa, yanaweza kuzaliwa madeni matatu. La kwanza ni nauli: urudishiwe, au upelekwe uendako kwa ndege nyingine. La pili ni matunzo wakati unasubiri, yaani chakula, malazi na usafiri wa hotelini. La tatu ni fidia ya usumbufu au hasara. Dharura isiyozuilika kwa kawaida hufuta hilo la tatu tu. Mhudumu akiyafunika yote matatu kwa neno moja, yatenganishe mwenyewe na umuulize moja moja.

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilirusha majivu hadi sehemu kubwa ya anga la Ulaya ikafungwa. Abiria mmoja wa Ryanair alikwama Faro, Ureno, wiki nzima akijilipia chakula na hoteli, kisha akadai zaidi ya euro 1,100. Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba majivu yale yalikuwa dharura ya kweli, lakini wajibu wa kumtunza abiria hauna ukomo wa siku wala wa fedha, ilimradi gharama ziwe za lazima na za kiasi. Dharura kubwa kuliko hiyo ni vigumu kuipata, na bado deni la chakula na kitanda lilibaki palepale.

Sheria iliyotumika hapo ni Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, na inawahusu Waswahili wengi kuliko wanavyodhani. Inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, bila kujali shirika ni la nchi gani. Anayeelekea Ulaya kutoka nje hulindwa tu kama ndege anayopanda inaendeshwa na shirika la Ulaya. Kwa hiyo ukitoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam na KLM, shirika la Uholanzi, umelindwa, ila ukitoka Dar kwenda Frankfurt na Ethiopian hujalindwa na kanuni hiyo. Ukirudi na Ethiopian hiyo hiyo kutoka Frankfurt, umelindwa, na ulinzi hauishii Addis Ababa: mwaka 2018 mahakama ileile ilisema safari yenye kubadili ndege nje ya Ulaya ni safari moja, mradi tiketi imekatwa pamoja.

Fidia yake ni kiwango maalumu: euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Safari za kuja Afrika Mashariki huangukia kwenye 600, ingawa fidia inaweza kupunguzwa nusu ukipewa ndege mbadala isiyochelewa sana. Hulipwi ukiarifiwa wiki mbili au zaidi kabla ya safari, wala shirika likithibitisha dharura. Hitilafu ya kawaida ya kiufundi haihesabiwi dharura. Mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe pia hauhesabiwi. Hilo lilithibitishwa mwaka 2021 katika kesi ya marubani wa SAS, shirika la ndege la Skandinavia. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, abiria aliyekuwa akisubiri ndege Paris na aliyekuwa akisubiri Mombasa walipata usumbufu uleule, lakini mmoja alikuwa na kanuni yenye bei iliyoandikwa, mwingine hana.

Je, huyu wa Mombasa, au wa Mwanza, ana nini? Ana mkataba wake na shirika, yaani tiketi, na akiwa safarini kimataifa ana Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Montreal haitoi kiwango maalumu. Inasema shirika litalipa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lionyeshe lilichukua kila hatua ya busara kuizuia. Tangu mwisho wa 2024 ukomo wake ni SDR 6,303 kwa abiria, fedha ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), sawa na zaidi ya dola 8,000. Lakini utalipwa hasara unayoithibitisha tu: hoteli, teksi, tiketi mpya. Machungu ya moyo hayana risiti. Mkataba huu pia unazungumzia kuchelewa. Safari iliyofutwa moja kwa moja, bila ndege mbadala, mara nyingi hurudi kwenye sheria ya mikataba ya nchi.

Na sheria hiyo si dhaifu. Tanzania, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyepokea fedha kwa mkataba ambao baadaye haukuweza kutekelezwa huzirudisha. Hapa ndipo tiketi za bei nafuu zinapowapoteza watu. Wanasoma "nauli hairudishwi" na kukata tamaa. Sharti hilo linamhusu abiria aliyeghairi mwenyewe. Shirika lililoshindwa kukusafirisha haliwezi kujificha nyuma yake.

Tiketi moja au mbili? Hilo ningependa kila mfanyabiashara alijue kabla hajalipa. Mtu wa Mwanza anayefuata mzigo Guangzhou akikata safari nzima kwenye tiketi moja, kipande cha Mwanza–Dar kinahesabiwa sehemu ya safari ya kimataifa. Kikifutwa na akakosa ndege ya mbele, ni kazi ya mashirika kumfikisha. Akikata Mwanza–Dar peke yake kwa sababu amepata ofa, kisha Dar–Guangzhou kwa shirika jingine, ndege ya pili itamwandika kama abiria ambaye hakutokea. Alichookoa kwenye ofa kinaishia kwenye tiketi mpya.

Jambo jingine ni namba ya simu. Mawakala wengi hujaza namba na barua pepe zao wenyewe kwenye buking. Taarifa ya kufutwa inaingia kwa wakala siku tatu kabla, wakala yuko msibani, abiria anafika uwanjani alfajiri na mabegi. Ulaya jambo hili liliamuliwa mwaka 2017, katika kesi ya safari ya Amsterdam kwenda Paramaribo, Suriname: kumwarifu wakala si kumwarifu abiria, na shirika likalipa. Kwetu usingoje kesi. Kabla hujaondoka ofisini kwa wakala, mwambie afungue buking na akuonyeshe namba yako imo.

Siku yenyewe ikifika, omba sababu ya kufutwa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp kutoka namba rasmi ya shirika. Piga picha ubao wa safari. Usisaini vocha kwa sababu tu foleni ni ndefu. Ukishaikubali badala ya fedha, kudai nauli baadaye kunakuwa kugumu. Na ukichagua kurudishiwa nauli, ujue kwa kawaida umeliondolea shirika wajibu wa kukufikisha na kukulaza. Mwenye harusi keshokutwa achague ndege mbadala.

Dai lako lianze kwa shirika, kwa maandishi, likitaja namba ya buking, kiasi unachodai na risiti zake. Likikaa kimya au likikataa, Tanzania Bara na Zanzibar peleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Kenya anza na mamlaka ya huko ya usafiri wa anga (KCAA), na ukumbuke Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kufidiwa kwa huduma mbovu. Kwa madai ya Ulaya muda hutofautiana kwa nchi: Uholanzi miaka miwili, Ujerumani mitatu. Chini ya Montreal ni miaka miwili, ikihesabiwa tangu siku uliyofika au uliyotakiwa kufika, na barua pepe za "tunalishughulikia suala lako" hazisimamishi saa hiyo.